Mbeya Walianza na Mwisho

Basi la Mbeya liliharibika Igawa, kama kawaida yake, na Muharami akashuka na mikebe yake ya filamu, akaipanga pembeni ya barabara na kuikalia. Abiria wenzake walikwenda kutafuta chai. Yeye hakwenda. Mikebe ile ukiiacha juani filamu inajikunja, na ukiiacha kivulini watu wanaona wamepata viti, wanakaa na kuigongagonga kwa visigino. Mwenye mikebe hana budi kuikalia mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la suti na tai, na vumbi la Usangu limemwingia mpaka kwenye nyusi. Mpita njia angesema huyu ni mzee wa miaka sitini. Ilikuwa mwaka sabini na nane, na Muharami hata hamsini alikuwa hajafika.

Asubuhi ile, kabla hajatoka nyumbani Iringa, mkewe Mwanakhamisi alimwambia neno huku akimfungia chapati za njiani.

"Baba Jaha, mwezi wa Ramadhani ukiandama hujarudi nyumbani moja kwa moja, usinitafute hapa Mshindo. Nitakuwa kwa dada yangu Morogoro. Na siendi kusalimia."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Muharami angejua pa kushika, maana hasira za mkewe alizizoea kama alivyozoea kona za barabara ile. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Shaabani ilikuwa imeshaingia. Muharami alikaa juu ya mikebe, akatazama dereva alivyolala chini ya basi miguu nje, akawaza kwamba safari hii mama Jaha hatanii.

Muharami hakuzaliwa meneja. Baba yake alipanda kutoka Kilwa na mzigo wa kaniki, akafika Iringa wakati wa baridi, akasema atakaa mpaka baridi ipungue, akafa huko huko akiwa bado anaisubiri. Muharami alipopata akili aliingia kazi kwa Mhindi mwenye sinema. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita mitaani na baiskeli, kipaza sauti cha bati mdomoni, akitangaza picha ya Jumapili. Wenzake walitangaza jina la picha na saa ya kuanza. Yeye alitangaza kisa. Akifika Miyomboni kisa kinaanza, akifika sokoni steringi amefungwa kamba, akifika Mshindo ananyamaza, anapiga kengele ya baiskeli na kwenda zake. Watu walikuwa wanakuja kulipa ili tu wajue kamba ilifunguliwaje.

Mhindi akaona huyu mdomo wake ni mtaji. Akamfundisha mashine, akawa opereta, akaungua nyusi mara moja na mkono mara nyingi, mwisho akavalishwa koti akaitwa meneja. Mambo yalipobadilika yule Mhindi akafunga mizigo kwenda kwa watoto wake ng'ambo. Alimwachia Muharami mashine zote na maneno mawili, kwamba endesha tu. Muharami akaendesha. Alishirikiana na binamu yake Selemani, wakakodi ukumbi ule ule wa Iringa, kisha Muharami akaona Mbeya watu ni wengi na sinema yao imefungwa, akakodi ghala moja kule mtaa wa Soweto lililokuwa la pareto. Ghala lilinuka pareto miaka yote, lakini lilikuwa ukumbi pekee wa sinema nchi hii usio na kunguni.

Hapo ndipo alipokuwa mkubwa. Meneja wa sinema mbili, mikoa miwili. Vijana wa Soweto walimwita Mkurugenzi, akipita wanamsimamia. Mwanakhamisi naye alimwita Mkurugenzi wa Basi.

Maana taabu ilikuwa kwenye filamu. Wakala wa Dar es Salaam alikuwa akitoa nakala moja tu, na anaitoa kwa Jumapili mbili, basi. Kumbi zilikuwa mbili, na zote watu wake wana nafasi Jumapili tu alasiri. Selemani akasema kumbi zipokezane, mmoja uonyeshe na mwingine ufungwe. Muharami hakutaka kufunga. Akaigawa filamu. Jumapili ya kwanza nusu ya mwanzo inaonyeshwa Iringa na nusu ya mwisho inaonyeshwa Mbeya. Kati ya Jumapili hizo anabadilisha mikebe. Jumapili ya pili Iringa wanapata mwisho, na Mbeya wanapata mwanzo.

Kwa nini Mbeya ndio waanze na mwisho? Iringa walikataa. Walisema wao si watu wa kula ugali kabla haujapikwa. Mbeya hawakuulizwa.

Jumapili ile ya kwanza kabisa Mbeya walitaka kuvunja viti. Picha imeanza, mtu anakufa, mwanamke analia, na hakuna anayemjua hata mmoja. Muharami akakamata maikrofoni, akasimama kando ya kitambaa cheupe, akawasimulia mwanzo wote kwa mdomo: huyu anayekufa ni nani, mama yake nani, kile kisu alikipata wapi. Filamu ilikuwa ya Kihindi, na Kihindi hawakukijua, kwa hiyo akaendelea kuwafasiria na yaliyobaki. Watu wakatulia. Kisha wiki ya pili wakarudi kuona mwanzo. Wakamwona yule kijana aliyekufa wiki iliyopita anacheka, anaimba, anamwambia mama yake wakati wa mavuno atarudi. Ukumbi mzima ukalia. Iringa walipoona sehemu ile walikuwa wanacheka na kula karanga. Mbeya walilia, kwa sababu walijua.

Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika. Watu wa Soweto wakazoea kwamba jambo linaonyeshwa mwisho wake kwanza, halafu Jumapili nyingine unakuja kujua lilianzaje, na katikati yupo Muharami wa kusimulia.

Lakini mtu si mashine. Jumapili anasimulia Mbeya, Jumatatu na Jumanne anapokea simu na kutengeneza viti, Jumatano yuko ndani ya basi, Alhamisi anakutana na mkewe, Ijumaa anasali na kubadilisha mikebe na Selemani, Jumamosi basi tena. Mbeya hakuwa na nyumba. Alilala chumba cha nyuma ya kitambaa cha picha, na baridi ya Juni ilipita chini ya mlango kama mtu mwenye ufunguo. Sauti yake ilianza kukwaruza. Aliwahi kumaliza picha nzima akinong'ona, na watu wakasogeza viti mbele bila kulalamika, jambo ambalo lilimchosha zaidi kuliko wangezomea. Binti yao Jaha aliolewa na Muharami akaikuta harusi inaondoa maturubai. Kila mwaka alimwambia mkewe, mwaka huu naachia Mbeya. Kila mwaka Mbeya ilikosa wa kuachiwa. Waliokuja kutaka ukumbi waliukagua, wakaisifu mashine, kisha wakauliza: sasa nani atasimulia? Hapo mazungumzo yanakwisha.

Basi lilitengenezwa. Muharami akafika Soweto amechelewa, na mlangoni kwake akamkuta mtu amekaa juu ya gunia, amevaa kofia ya sufi na makubadhi ya tairi.

Mtu huyo aliitwa Nkuba. Usangu yote walimjua. Baba yake alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, yeye akaongeza mashamba ya mpunga Ubaruku, na sasa alikuwa mtu wa kununua kitu kwanza ndipo aulize ni cha nini. Safari hii alikuwa amenunua kwa dereva wa lori kule Tunduma televisheni ya Lusaka pamoja na kisanduku chenye vishikio viwili vya kuzungusha.

"Meneja," Nkuba alisema baada ya salamu ndefu, "nimenunua ng'ombe asiyekula majani. Anakula umeme. Na mimi Ubaruku umeme sina."

Muharami akafungua ukumbi, wakachomeka. Saulo, opereta wake, Msafwa asiyependa maneno, akasogea kutazama. Kioo kikawa cheusi. Upande huu kijiti cheupe kimesimama, upande ule kijiti cheupe kimesimama, na katikati kidoti kinakwenda na kurudi. Ukizungusha kishikio, kijiti chako kinapanda au kinashuka. Kidoti kikikugonga kinarudi, kikikupita umefungwa. Basi. Hakuna kingine. Nkuba na Saulo walicheza mpaka jasho likawatoka na baridi ile.

Nkuba akaeleza shauri lake. Dereva amemwambia mijini Zambia watu wanapanga foleni kucheza kitu hiki. Yeye anataka ukumbi uwe wa michezo hiyo, kwanza mashine moja, baadaye nyingi, na filamu pia akipenda Mungu. Yuko tayari kuuchukua ukumbi wote na kodi yake na viti vyake na Saulo wake. Lakini si mjinga. Anataka aone kwanza kama watu wa Soweto watakitaka. Jumapili waonyeshwe.

"Wakikitaka?" Muharami aliuliza.

"Wakikitaka nachukua. Wewe nenda kwa mama. Nasikia una mama mzuri Iringa, amekaa peke yake kama kituo cha polisi."

Muharami akakitazama kioo upya. Kitu kinachocheza chenyewe, hakina Kihindi, hakina mwanzo wala mwisho, hakitaki msimulizi. Ndicho alichokuwa anakitafuta miaka yote bila kujua kipo duniani. Akatuma salamu Iringa kwa dereva wa basi kwamba safari hii huenda akarudi moja kwa moja, inshallah. Jibu la Mwanakhamisi, ambalo dereva alikuja kulileta baada ya Jumapili, lilikuwa kwamba hiyo huenda yake anaijua.

Jumapili ukumbi ulijaa. Walitangaziwa picha ya aina mpya, na watu wa Soweto kwa jambo jipya hawahitaji kuambiwa mara mbili. Televisheni iliwekwa juu ya meza mahali pa kitambaa. Ilikuwa ndogo kama kabati la mikate, kwa hiyo walisogea, wengine chini, wengine juu ya viti. Saulo akashika kishikio kimoja, Nkuba kingine. Muharami akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono mapajani, kama mgeni.

Kidoti kikaanza. Tik, kikarudi. Tok, kikarudi. Watu walitazama kwa adabu, kama wanavyotazama majina yanayopita kabla ya picha. Wakangoja majina yaishe. Hayakuisha.

"Sasa steringi nani kati ya hawa?" mtu mmoja akauliza.

Mwingine akasema bado hajatokea. Mwingine akasema huu ni mwisho, nyinyi mmesahau, Jumapili ya kwanza huwa ni mwisho, hawa ndio waliobaki baada ya wote kufa. Wakakubaliana. Ilikuwa ni haki kabisa kwao kufikiri hivyo. Kisha wakageuka, vichwa vyote pamoja, wakamtazama Muharami kule mlangoni.

Severina, mama wa Kinyakyusa aliyeuza maandazi nje ya ukumbi na hakukosa picha hata moja, ndiye aliyesema. "Mkurugenzi, usitufanyie hivyo. Mwanzo umeuacha Iringa, sawa, tumezoea. Basi tuambie."

Muharami alitikisa kichwa. Akasema hii haisimuliwi, hii inachezwa. Wakasema haya, lakini wanacheza kwa nini? Wamegombana nini? Watoto wakaanza kupiga miluzi. Mtu mmoja akasimama avae koti lake. Muharami akamwona Nkuba anageuka kutazama mlango, uso umeanza kupungua furaha, akaona na Morogoro nayo inakuja. Akawaza, nitawasaidia kidogo tu, wakishanogewa nitaachia. Akainuka, akachukua maikrofoni.

"Huyu wa kushoto," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "ana shamba la mpunga. Huyu wa kulia ana ng'ombe. Wanaishi jirani. Na hicho mnachokiona katikati ni ndama."

Aliyesimama akakaa, koti mkononi.

"Ndama ameingia kwenye mpunga. Mwenye mpunga anamrudisha: chukua ndama wako, unilipe. Mwenye ng'ombe anamtazama ndama: huyu si wangu, wangu ana doa. Anamrudisha. Wa mpunga anasema, doa limefutika kwa mpunga wangu aliokula. Anamrudisha."

Walicheka mpaka maghala ya jirani yakafunguliwa watu waje kuona. Nusu yao walikuwa wameshasimama mbele ya balozi wa nyumba kumi kwa kesi kama ile. Nkuba ndiye aliyecheka kuliko wote, maana yeye alikuwa na ng'ombe na mpunga pia, alijishtaki mwenyewe pande zote mbili. Kidoti kikipita, Muharami anasema kwa huzuni ndama amepita, mpunga umeliwa, na wanawake wanasikitika kweli kweli. Alasiri ikaisha hivyo. Walipotoka walimshika mkono mmoja mmoja.

Nkuba alibaki. Alijifuta machozi ya kicheko kwa kofia, akasema jambo zuri sana, amekubali, anauchukua ukumbi. Kisha akaendelea.

"Ila wewe hutoki, nkoi, rafiki yangu. Nimeona kwa macho yangu. Mashine hii bila mdomo wako ni taa tu. Nachukua ukumbi na wewe ndani."

Muharami akamwambia mapatano hayakuwa hayo. Nkuba akasema mapatano yalikuwa watu wakikitaka. Nani anajua kama wanakitaka? Wamekutaka wewe. Alisema kwa upole, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwa kutaka kujinasua Muharami alikuwa amejifunga fundo la pili.

Akaomba Jumapili moja nyingine. Nkuba akakubali, kwa kuwa alikuwa muungwana na pia kwa kuwa alitaka kucheza tena.

Wiki ile Muharami hakwenda Iringa; mikebe, ambayo haikufunguliwa, alimpa dereva wa basi ampelekee Selemani. Hakutuma salamu pia. Alikaa kwenye chumba cha nyuma na maji ya tangawizi, akawaza ajifanye mgonjwa, akaona uongo wa ugonjwa haufai kwa mtu anayekaribia kuugua kweli. Mwisho akaamua jambo rahisi. Hatafungua mdomo. Kitu kile kikisimama chenyewe, kimesimama. Kikianguka, kianguke, naye atafunga ukumbi, atawaacha Soweto bila sinema na kupanda basi. Hilo la pili lilimuuma. Alikijua kila kiti pale, kwa sababu kila kiti alikigongomelea misumari.

Jumapili ya pili walijaa kupita ya kwanza, na walikuja na sababu yao. Ni zamu ya mwanzo. Leo wataona majirani wale walianzaje kugombana.

Saulo akawasha. Kijiti, kijiti, kidoti. Ukumbi ukatazama, ukaona ni vile vile, ukageuka. Muharami alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nyuma, skafu shingoni, anatazama magoti yake. Maikrofoni ilikuwa juu ya meza karibu na televisheni, peke yake.

Wakamwita. Hakuinuka. Wakamwita kwa jina, kisha kwa cheo, kisha kijana mmoja akasema Mkurugenzi amenunuliwa na Iringa. Wengine wakasema mwacheni, hamuoni anaumwa? Tik, tok, na Nkuba akaanza kukosa kidoti kwa kutazama nyuma. Mwanzo wote Muharami alikuwa nao tayari, ulikuja wenyewe asubuhi wakati ananyoa. Aliumeza, ukashuka.

"Mimi nawajua hawa," Severina akasema.

Alikuwa bado amekaa, sinia la maandazi miguuni. Hakugusa maikrofoni. Akasema hawa wamezaliwa tumbo moja. Baba yao alikuwa na ndama mmoja tu, akafa hajasema ni wa nani. Huyu wa kushoto ni mkubwa. Kila mmoja anampenda mwenzake, ndiyo maana kila mmoja anamrudisha: mchukue wewe, kaka. Hapana, mchukue wewe. Mpunga ulikuwa haujapandwa bado.

Mzee mmoja upande wa kulia akasema si kweli, mkubwa ni huyu wa kulia, tazama anavyokwenda polepole. Severina akamwuliza, wewe ulikuwepo wakati wanazaliwa? Upande wa kulia wakamtetea mzee. Upande wa kushoto wakajibu. Punde ukumbi ulikuwa umegawanyika, huku wanamsemea kaka wa huku, kule wanamsemea wa kule, na kila kidoti kikirudi kinarudi na neno. Kijana aliyesema Mkurugenzi amenunuliwa alimwomba Saulo ampishe kwenye kishikio, kwa kuwa Saulo alikuwa anamwaibisha kaka mkubwa. Wengine wakajipanga nyuma yake.

Kisa chao kilikuwa na matundu. Walimfanya ndama akafa, kisha wakamtumia tena. Walimpa baba wake wengine katikati na kumsahau. Muharami angeweza kukirekebisha kwa sentensi moja, na mara mbili alifungua mdomo kabisa. Hakuna aliyegeuka kutazama kama ataufunga.

Aliufunga. Alikaa mpaka akaona Nkuba amesimama kando, hachezi, anatazama watu badala ya mashine, midomo inamtembea. Baadaye Nkuba akaja mpaka mlangoni akanyoosha mkono. Muharami akatoa funguo zote mfukoni akaziweka kwenye kiganja kile. Nkuba akasema gunia alilokuja nalo siku ile ni mchele wa Ubaruku, lilikuwa la Meneja tangu mwanzo, lakini hakupata nafasi ya kusema. Akarudi ndani haraka, maana kaka wa kulia alikuwa anashindwa.

Kesho yake basi halikuharibika. Muharami alishuka Iringa jua likiwa bado juu, akamlipa mwenye mkokoteni, akafuata gunia lake nyuma nyuma mpaka Mshindo. Tai aliivua njiani. Kwenye bomba la maji pale nje wanawake walikuwa wakibishana kama mwezi utaonekana leo au kesho.

Mwanakhamisi alikuwa uani. Sanduku lilikuwa sebuleni, limefungwa kamba. Aliitazama kamba ile, akamtazama mumewe, akatazama mikono yake isiyo na mikebe.

"Unaondoka lini?" akauliza, kama alivyouliza kila wiki.

Muharami akasema haondoki. Alitaka kueleza zaidi, habari ya Nkuba na ndama na Severina, lakini sauti ilimtoka kama upepo wa mlangoni, akakaa kwenye kizingiti.

Mwanakhamisi hakusema ameamini. Alifungua mdomo wa gunia, akachota kiganja kimoja, akakipuliza na kukitazama.

"Mchele wako una mawe, Baba Jaha," alisema, akamsogezea ungo.